Sajini Aliyempeleka Kliniki Badala ya Rumande

Saa moja na nusu asubuhi, Mamelodi, kitongoji cha Pretoria, Afrika Kusini. Dikeledi Maimela anapitisha kikombe kidogo cha methadoni kwenye dirisha la kliniki.

"Kunywa yote, kaka. Haya, niambie jina la mama yako."

"Tena? Si nilikwambia jana!"

"Nataka nijue umemeza."

Foleni inaangua kicheko. Watu arobaini na watatu hunywa hapo kila siku dawa hiyo ya kutuliza arosto.

Dikeledi, 41, anawajua kwa sababu alikuwa mwenzao. Kwa miaka tisa alivuta nyaope, heroini iliyochanganywa na bangi. Aliuza sufuria za mama yake, kisha mlango wa choo. Alikamatwa mara sita.

"Nikitoka rumande, moja kwa moja kijiweni," anasema. "Hakuna aliyeniuliza naumwa nini."

Mara ya saba alikutwa na Sajini Mothapo. Akamnyooshea mikono afungwe pingu. Sajini hakuzitoa. Serikali ilikuwa imeleta sera mpya: mtumiaji atibiwe, anayesakwa awe muuzaji.

"Panda gari, dada. Twende kliniki."

"Unanidanganya, baba. Huko nyuma ni selo tu."

"Basi kaa mbele."

Akakaa mbele. Njiani akamtapikia Sajini suruali nzima.

"Hakunitukana," anasema Dikeledi, machozi yakimlenga. "Alisimama na suruali yake ile mpaka nikaitwa ndani. Sina cha kumlipa."

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Baada ya miaka miwili ya matibabu, kliniki ilimwajiri kuwa mhudumu wa jamii.

Mwezi uliopita Mothapo alimleta mwanamke aliyeng'ang'ania geti, akipiga kelele kwamba anategwa. Dikeledi akatoka.

"Unamwona huyu? Nilimtapikia."

Mwanamke akamtazama Sajini. "Kweli?"

"Suruali mpya," akajibu Mothapo.

Mwanamke akacheka, akaachia geti. Tangu siku hiyo hajakosa dozi.

Dikeledi anaishi tena kwa mama yake, Mma Raesibe. Januari bibi huyo alimkabidhi ufunguo wa nyumba bila hotuba yoyote. "Alisema tu, 'Ukichelewa, jifungulie.' Nilikwenda kulilia bafuni."

Novemba atafanya mtihani wa uuguzi msaidizi. "Nikifaulu," anasema, "nitavaa sare nisimame mbele ya Mama kwanza anikague. Kazini watanisubiri kidogo."