Mbogo Katika Ngitili Yetu

Tarehe 9 Oktoba 1993, asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Aliuawa na mbogo ndani ya ngitili yetu wenyewe, karibu na mahali nilipokuwa nimesimama nimeshika tawi la miiba. Habari hii nimeieleza kwa mdomo mara nyingi, kwa watu waliokuja kunipa pole na kwa watoto wangu walipokua. Kuiandika ni mara ya kwanza. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ilivyokuwa, na pale ambapo sikuona kwa macho yangu nitasema sikuona.

Kwa asiye wa huku kwetu, ngitili ni sehemu ya majani na miti ambayo familia huizungushia miiba mvua zikiwa bado zinanyesha. Ng'ombe haingii, mtu hakati fito, na moto ni mwiko. Majani yanakua mpaka kifuani, yanakaukia palepale yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapofika mwisho na nje hakuna kitu isipokuwa vumbi, mwenye ngitili anafungua. Maksai ndio wa kwanza kuingizwa, kwa sababu ndio watakaovuta plau. Maksai akiikuta mvua mbavu zikiwa nje, hamalizi hata mstari mmoja wa shamba, na pamba na mahindi ya mwaka huo yamekwisha kabla ya kupandwa.

Mume wangu aliirithi ngitili yake kwa baba yake. Kijiji chetu kiko mashariki ya Bariadi, upande wa pori la akiba. Siku hizo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Nilipoolewa, kati ya nyumba zetu na pori kulikuwa na vichaka vingi, na wanyama walikaa huko kwao. Ikaja miaka ya ruksa. Ikasemekana chama cha ushirika hakitakuwa tena mnunuzi pekee wa pamba, kwamba watakuja watu na malori yao na mizani zao. Kila mwenye shoka akafyeka. Wengine walitoka mbali, hata Malampaka, wakaomba ardhi wakapewa. Huko porini nako yakaanza kuingia magari ya wawindaji, na wakati wa kiangazi tulisikia milio ya bunduki mchana. Hatukujua ni akina nani wala wana vibali gani. Tulisikia tu, tukaendelea na kazi.

Mwaka ule, ukisimama juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu, uliona mashamba matupu mpaka mtoni, na katikati yake kipande kimoja tu chenye majani marefu. Kilikuwa chetu. Mume wangu alijivunia, na mimi pia.

Wa kwanza kumgundua yule mbogo tulikuwa mimi na jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa akilalamikia goti lake tangu namfahamu. Tulikuwa tunatoka kuchota maji mtoni, kwenye kisima cha kuchimba mchangani, na njia yake ilipita kando ya ngitili. Jirani akasimama.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "ng'ombe wenu ameingia."

"Wetu wako zizini."

Tukatazama ndani. Majani yalikuwa hayatikisiki. Kisha nyuma ya miiba, karibu sana, kitu kikapumua. Ilikuwa pumzi moja nzito, yenye mkoromo ndani yake, kama mtu mwenye ugonjwa wa kifua. Niliweka ndoo chini polepole. Sikumbuki kuanza kukimbia. Nakumbuka tu kwamba jirani alikuwa mbele yangu, na tulipofika uani nilimwambia, "Miaka yote unalia na goti. Leo umenipita." Akacheka mpaka akalia, na kilio chake hakikuwa cha kicheko.

Mume wangu alikwenda kuangalia na wanaume wengine. Aliporudi aliosha mikono muda mrefu.

"Ni mbogo. Yuko peke yake, anaburuta mguu wa nyuma. Kuna damu kwenye miiba, na usaha."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mbogo aliyejeruhiwa na kuachwa na wenzake hakimbii mtu. Anamngoja.

Sijui niielezeje hofu ya siku zilizofuata. Kwenda mtoni tulikwenda kwa kundi, wanaume mbele na mikuki na mishale. Wengine walisema tupige kelele ili atusikie mapema, wengine walisema tunyamaze asitusikie kabisa, basi tukawa tunapiga kelele kidogo na kunyamaza kidogo. Watoto niliwafungia ndani mchana, joto likawatoa vipele. Hata kwenda chooni nilichungulia kwanza. Nilianza kuogopa upepo, kwa sababu ukivuma majani yote ya ngitili yalitikisika kwa pamoja, na usingeweza kujua lipi limetikiswa na upepo na lipi limetikiswa na yeye.

Mume wangu alipanda baiskeli akaenda Bariadi kwa bwana nyama, ofisa wa serikali wa wanyamapori. Alirudi jioni, miguu yote vumbi. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, alikuwa anamsubiri uani.

"Wamesemaje?"

"Gari lao limesafiri. Wamesema tungoje, na tusimguse. Ni mali ya serikali."

"Basi serikali ije ichote maji."

Kesho yake wanaume walikaa kwetu. Shemeji ndiye aliyesema kile ambacho wengi walikuwa nacho moyoni.

"Kaka, tuchome. Upepo unatoka huku. Atatokea upande wa mtoni, tutamngoja kule."

"Na maksai watakula nini?"

"Watakula nilichokula mimi mwaka wa njaa. Hewa."

"Wewe ulikula kwangu," mume wangu akasema, na wanaume wakacheka, hata shemeji. Kisha jirani mmoja akasema kwa upole, "Majani yataota tena, ndugu yangu. Wewe ukikatika huoti." Hapo hakuna aliyecheka. Mume wangu aliwaomba wampe mpaka keshokutwa.

Nilipokuwa nasonga ugali nilimwambia yangu. "Baba watoto, mimi naogopa. Waache wachome."

"Hata mimi naogopa," akasema. "Lakini nikichoma leo, nitaogopa tena mvua zikija. Nitaangalia mvua inanyesha na maksai wamelala chini. Tutakula nini mwakani?"

Nilikuwa nimewaona maksai. Walikuwa wameanza kulamba udongo wa ukuta wa zizi.

Tulikuwa na ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe zilizolala, ndiye aliyeongoza wenzake kwenda majini. Kijiji chote kilimjua. Mwaka mmoja alisimama njiani, akainua pua, akakataa kwenda mbele hata kwa fimbo, na kweli mbele kulikuwa na simba. Mara nyingine ilikuwa fisi, na mara nyingine chui. Watu walikuwa wakija kumwazima wanapohamisha mifugo yao. Mume wangu alisema, "Tumuulize yeye. Kama mnyama bado yumo, atatuambia."

Hakuna aliyeona ubaya wa wazo hilo. Hata shemeji aliliafiki. Sisi ni watu wa ng'ombe, na ng'ombe yule alikuwa hajawahi kutudanganya.

Wakamzungusha ngitili nzima, nje ya miiba, wanaume nyuma yake na mikuki. Mimi nilitazama kutoka juu ya jiwe. Alikwenda taratibu. Upande wa mtoni, penye kivuli kizito ambapo sote tulidhani mbogo hulala, alisimama. Akanyoosha shingo juu ya miiba, akang'oa majani, akala. Akang'oa tena. Mkia ulikuwa unapunga inzi tu.

"Ameondoka," watu wakasema. Mmoja akaonyesha alama za kwato zinazoelekea mtoni, ingawa ardhi ilikuwa ngumu na alama zile zingeweza kuwa za ng'ombe wowote. Nilishuka jiweni miguu ikiwa myepesi. Siku hiyo niliwafungulia watoto wakacheza nje.

Asubuhi ya tarehe niliyoitaja tulifungua. Mimi nilivuta tawi kubwa la miiba lililokuwa mlango, nikalishika ili lisirudi. Shemeji alikuwa nyuma yangu akisukuma ng'ombe kwa fimbo. Mume wangu aliingia mbele na mkuki wake, anapiga mluzi ule wa kuwatuliza, na yule mwekundu akamfuata, kisha wengine. Majani yaliwafunika mpaka nikawa naona migongo tu. Walianza kula mara moja. Sauti ya ng'ombe wengi wakila majani makavu ni sauti nzuri, nakiri niliifurahia.

Katikati ya migongo niliona mmoja mweusi. Tulikuwa na maksai mweusi, basi macho yangu yakapita. Kisha yule maksai wetu mweusi akapita mbele yangu, akinigusa kwa ubavu, ndiyo kwanza anaingia.

Nilimwita mume wangu. Mimi najua nilimwita. Shemeji mpaka leo anasema hakusikia kitu, alinigeukia tu akaona mdomo uko wazi.

Kupigwa kwenyewe sikukuona, majani yalikuwa marefu. Niliona ule mgongo mweusi ukishuka na kupotea, mluzi ukakatika, na nikasikia kishindo ambacho sitakieleza. Hapo ndipo ng'ombe walipokimbia, si kabla. Walinipita mlangoni, tawi likanichana mkono, sikusikia maumivu mpaka jioni. Shemeji akapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuitana, na wanaume wakatoka kila upande na mishale. Hawakuweza kumfikia mara moja, kwa sababu mbogo alikuwa amesimama palepale. Walipiga kelele na kurusha mawe mpaka akajiburuta kurudi kivulini, ndipo wakamtoa mume wangu kwa kumvuta. Alikuwa bado na joto. Wapo wanaosimulia maneno ya mwisho ya marehemu wao. Sisi hatukupata neno.

Tulimzika. Baada ya mazishi bwana nyama alikuja na askari wenye bunduki, gari lilikuwa limerudi. Walimmaliza yule mbogo kwenye kivuli upande wa mtoni, palepale ambapo ng'ombe wetu alikuwa amekula. Walituita tumwone. Paja lake la nyuma lilikuwa limevimba mara mbili ya jingine, na katikati kulikuwa na tundu la zamani.

"Nani alimpiga?" shemeji akauliza.

"Majangili."

"Umejuaje?"

"Atakuwa nani mwingine?"

Shemeji akatazama upande wa pori, akarudisha macho. Mimi nilikuwa na swali moja tu, nikamuuliza bwana nyama kuhusu ng'ombe mwekundu. Alivua kofia. Hakuwa mtu mbaya.

"Mayu, ng'ombe anamwogopa simba, chui na fisi kwa sababu wanamla. Mbogo hamli. Akimnusa ni kama amenusa ng'ombe mwingine. Porini nimewaona wakila pamoja."

Kijiji kizima cha wafugaji kilikuwa kimesimama kumtazama yule ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyelifikiria hilo. Nyama waliondoka nayo.

Matanga yalipokwisha, mvua ilikuwa haijaja. Kijana aliyekuwa akituchungia ng'ombe aliacha kazi. Watu wakasema majani yale yatamwita mwingine, kwa kuwa sasa ndiyo kichaka pekee kilichobaki, na nadhani walisema kweli. Asubuhi moja shemeji alikuja, hakukaa.

"Shemeji, leo nachoma. Siwezi kuyaona tena."

Hata mimi sikuweza kuyaona. Nilipokuwa natoka nje niligeuza uso. Lakini maksai wawili walikuwa wameshindwa kunyanyuka asubuhi ile mpaka tulipowainua kwa mikia.

"Choma mvua ikinyesha," nikamwambia. "Sasa hivi maksai wale majani."

"Nani atawaingiza? Mimi siingii."

"Sijakuomba."

Nilichukua fimbo. Mwili wangu wote ulikuwa unakataa. Nilifungua mlango, nikawatanguliza, nikaingia nyuma yao. Baada ya muda nilisikia mtu anakuja huku analaani, alikuwa shemeji na mkuki. Alisimama upande wa pili. Nilikaa nimeegemeza mgongo kwenye mti, natazama kila mgongo, na kila yule maksai mweusi alipoinua kichwa nilijishika mdomo. Walikula mpaka jua likawa kali. Tukawatoa.

Nilipofika nyumbani nilitapika nyuma ya jiko, nikanawa, nikawapikia watoto. Asubuhi iliyofuata tuliwaingiza tena.