Supu ya Maharagwe kwa Hamira

Mjukuu wangu alikuja nyumbani Voi na kichupa cha hamira ambayo si ya mandazi. Chuoni walikuwa wanafundishwa kwamba hamira hii hula sukari ikanenepa, kisha mafuta yake hukamuliwa na kugeuzwa dizeli. Akachemsha mabaki ya mkonge, akachuja maji yake matamu ndani ya ndoo tatu, akaigawa ile hamira humo. Asipompelekea mhadhiri wake chupa ya soda iliyojaa mafuta hayo, hatahitimu na wenzake.

Kabla ndoo hazijaiva, akaitwa kijijini Mwanda kwa harusi ya binamu yake. Kazi yangu ilikuwa kuwapulizia hewa wale wadudu wa hamira kwa pampu ya baiskeli, asubuhi na jioni.

"Babu, usiwape kitu kingine," aliniambia. "Wakikosa protini ndipo wananenepa."

Nilisoma hadi kidato cha nne, na sijawahi kuona mtu aliyenenepeshwa kwa kunyimwa. Kwetu Taita mgeni haondoki bila kuonja kimanga, maharagwe yetu ya kuponda na muhogo, na hawa walikuwa mamilioni, wamekaa uani kwangu wakinywa maji ya sukari tu kama watoto siku ya Krismasi.

Siku ya pili huruma ikanishinda. Nilikuwa nimechemsha maharagwe ya kimanga. Supu yake nikaimimina katika ndoo mbili. Ya tatu ilikosa kwa sababu supu iliyobaki niliinywa mwenyewe.

Kesho yake zile mbili zilikuwa zimefura povu. Nikamwambia jirani yangu mfuga mbuzi kwamba serikali ilikosea kutonifanya profesa.

Mjukuu aliporudi alichungulia ndoo kwa muda mrefu.

"Babu, umewapa nini?"

"Hewa."

"Hewa yenye maganda ya maharagwe?"

Nikakiri. Akanieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba wakipata protini huacha kuweka mafuta, hushughulika na kuzaana tu. Nikamuuliza, nikimwita bibi yangu kwa utani wa babu, kama kuzaa si baraka.

"Nataka wanene, Babu. Sitaki wajukuu."

Ndoo ya tatu, ile niliyoionea, ndiyo iliyotoa mafuta. Hayakufika hata robo ya chupa. Nilimwona akiipindua mara mbili, kana kwamba mengine yamejificha chini.

Nikamwandikia mhadhiri barua kwa mkono wangu. Nilieleza kosa ni la nani, lilipikwa vipi na kwa chumvi kiasi gani. Mhadhiri akampa mwezi mmoja wa kurudia.

Sasa kuna ndoo tatu mpya uani. Juu ya kila kifuniko ameandika kwa kalamu nene: WAMESHIBA. Mimi napuliza hewa yangu asubuhi na jioni, siwaangalii machoni. Kimanga nakila ndani, mlango nimeufunga, harufu isije ikawafikia.