Mbambu na Simu ya Bisengimana

Mbambu alikuja Kalembe kukaa msimu mmoja tu wa kiangazi. Kaka yake Katembo alimleta kutoka Butembo na lori la vitenge na sabuni, akamwachia duka la mbao kando ya barabara, akasema atarudi kumchukua bidhaa zikiisha. Bidhaa ziliisha. Upande wa Masisi wakakaa wapiganaji hawa, upande wa Pinga wakakaa wale, na Kalembe ikabaki katikati kama punje ya mahindi kati ya meno. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Mtu hawezi kukaa akitazama rafu tupu. Kwa kuwa alisoma informatiki, elimu ya kompyuta, miaka miwili kabla ya ada kukosekana, Mbambu alipandisha paneli nne za jua juu ya bati, akaziunganisha na betri mbili za lori, akaanza kuchaji simu za watu. Kila simu aliifunga uzi wa sufu wa rangi yake ili asichanganye. Wenye simu walimwachia pia kode zao, namba za siri za kuzifungulia, ili ndugu wa mbali akiandika aweze kuwasomea. Alijua kode za nusu ya kijiji, na hakuwahi kuchungulia penye siri ya mtu. Katika maisha yake ya Kalembe hakuwa na jambo jingine la kujivunia.

Simu moja tu hakuwa na kode yake: ile ya uzi mweupe. Ilikuwa ya Bisengimana, mfugaji wa milima ya Masisi. Aliyeileta kila siku mbili ni mkewe, Verdiane, aliyekimbilia Kalembe na mtungi mmoja wa maziwa usio na maziwa. Mumewe alirudi juu kutafuta ng'ombe waliobaki, na simu akamwachia yeye, kwa sababu kwenye vizuizi mwanamume mwenye simu hukaguliwa hadi picha ya mwisho. Alikuwa ameingiza kidole gumba cha mkewe ili kifungue. Kode hakumwambia.

"Alisema, kama hauijue, hakuna mutu ataitoa ndani yako kwa fimbo," Verdiane alimweleza Mbambu siku ya kwanza.

Miezi minne ilipita bila habari. Verdiane akifika aliweka kidole, akasikiliza sauti moja kati ya zile ambazo mumewe alijirekodia humo, akawa anacheka kidogo au hacheki, kisha akaiacha simu mezani. Sauti zilikuwa kumi na moja. Alizigawa kama mtu anayegawa chumvi. Na kila alfajiri, saa kumi na moja kasorobo, simu hiyo ilipiga kengele ya kukamua. Ng'ombe hawakuwepo, lakini Verdiane alikataa kengele izimwe, na Mbambu, aliyelala nyuma ya ukuta wa mbao, akaizoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani.

Kwa miaka yote hiyo tangazo lilikuwa likijitokeza kwenye simu za watu: kuna mise à jour, sasisho la usalama, je, uiweke sasa au baadaye? Mbambu alibonyeza "baadaye". Mtandao ulikuwa haba, ukipatikana juu ya kilima kwa vijiko. Ndipo wafanyakazi wa misaada wakafunga sahani ya intaneti ya satelaiti jirani na duka lake, na Jumanne moja wakamruhusu kuitumia mchana kutwa.

Alisoma maelezo yote, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Yalisema kwamba mfumo wa simu ulikuwa na matundu ambayo wezi wangeweza kupitia, na sasa yatazibwa. Mbambu alitazama barabara, akaona angalau kuna kitu kimoja Kalembe kinachoweza kuzibwa vizuri. Simu ishirini na tatu zilikuwa mezani. Aliziwekea zote mise à jour hiyo, moja moja. Ile ya uzi mweupe Verdiane alikuwa ametoka kuifungua dakika ile. Kioo kilikuwa bado kinawaka, na tangazo limekaa juu yake likingoja. Mbambu akabonyeza. Hakumuuliza mtu.

Jumatano watu walikuwa mlangoni kabla hajaondoa komeo.

"Mama Mbambu, saa yangu imekuwa kubwa kama ya kanisa," alisema mzee Nzabonimpa, akiinyoosha simu mbali na uso. "Nani alikuambia niko kipofu?"

"Papa, juzi ulinisalimia ukidhani miye ni mukeo," Euphrasie, muuza maharagwe, alimjibu. "Acha saa ikue. Miye picha zangu ndizo zimehama, na sijue zimehamia kwa nani."

"Serikali imeingia ndani," alisema Barthélemy, dereva wa pikipiki. "Sasa inaona kila kitu."

"Ikiingia kwako itaona nini, Barthélemy?" Euphrasie alimuuliza. "Madeni na picha za mpira?"

Watu walicheka, na Mbambu akacheka nao. Aliwapunguzia ukubwa wa saa, akawarudishia picha zao, akahisi tena kuwa mwanafunzi anayeijua kazi yake. Kicheko kilikuwa bado mdomoni mwake Verdiane alipoingia, akachukua simu ya mumewe, akaweka kidole.

Akaweka tena. Akakifuta kwenye kitenge, akaweka mara ya tatu.

"Dada, iko naniuliza kode."

Mbambu alijua kabla hajakitazama kioo. Simu ilipomaliza kujisasisha ilizima ikawaka yenyewe, na simu ikitoka kuwaka haitambui kidole. Hutaka kwanza namba za mwenyewe. Alilijua hilo tangu darasani. Alilisahau kwa sababu kode za wengine wote zilikuwa kichwani mwake.

"Ni miye," alisema. "Niliweka ile mise à jour. Sikukuuliza."

Verdiane hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi, simu mapajani. "Basi ifungue," alisema. "Weye ulisoma."

Walijaribu mwaka wa kuzaliwa kwa Bisengimana, kisha mwaka wa harusi. Baada ya mara tano simu iliwaamuru wangoje nusu dakika, kisha dakika tano, kisha saa nzima. Walipofika mara ya kumi ilitaka siku nzima. Tangu hapo ikawa kazi ya kila asubuhi: Verdiane alikuja na kumbukumbu moja. Siku moja tarehe aliyozaliwa Agathe, ndama wa kahawia ambaye Bisengimana alimpa jina la mama mkwe wake, ugomvi ukadumu hadi Pasaka. Siku nyingine namba ya nyumba aliyopanga Goma akiwa kijana. Alisimulia, Mbambu akaandika namba, kioo kikatikisika na kukataa. Mbambu alimjua mwanamume ambaye hakuwahi kumwona, hata namna alivyopuliza povu la maziwa kabla ya kunywa. Kadiri alivyomjua ndivyo mlango ulivyozidi kufungwa.

Asubuhi ya mara ya kumi na saba kioo kiliandika maneno mapya. Mbambu aliyasoma kimoyomoyo kwanza.

"Inasema imebaki mara tatu. Zikiisha inajifuta yote."

"Na sauti?"

"Na sauti."

Verdiane aliipokea simu, akaigeuza kifudifudi kwenye kiganja. "Tuache. Sauti ziko ndani, hazijaenda mahali. Akikuja ataifungua mwenyewe. Weye uichaji tu, isizime."

Juma lile lile barabara ya Pinga ilifunguka. Watu walisema itakuwa wazi siku mbili, labda moja. Katembo alituma ujumbe na malipo: Barthélemy ambebe dada yake Alhamisi alfajiri, amtoe. Mbambu alimwomba Verdiane waondoke pamoja.

"Aliniacha hapa," alisema Verdiane. "Atanitafuta hapa. Lakini weye uende, dada. Nilishakusamehe zamani."

Mbambu alifunga nguo zake katika begi moja. Hakulala vizuri. Hakukuwa na mwingine Kalembe mwenye paneli, na paneli bila mtu wa kuzipangusa na kuongeza maji ya betri hazingemaliza mwezi. Alfajiri alisikia pikipiki ikisimama nje, na honi fupi.

Wakati ule ule, kwenye meza ya giza, kengele ya kukamua ilianza kulia. Simu iliyokataa kila kitu bado ilitoa hiyo. Mbambu aliishika, akaona taa yake nyekundu: asilimia tisa. Aliizima kengele, akaichomeka waya, akatoka mlangoni bila begi.

"Mama, panda, ndugu yako iko nangoja," alisema Barthélemy. "Kesho haitakuwa na njia."

"Beba Euphrasie, alikuwa anatafuta nafasi. Mwambie Katembo nitakuja baadaye."

Barthélemy alimtazama, kisha akawasha injini. Mbambu alirudi ndani, akasubiri jua lifike kwenye bati.