Siku Mama Riwaya Alipoandikwa Yeye

Wodini walimwita Mama Riwaya, na jina hilo alilipata kihalali. Muuguzi mwenzake akiandika "mgonjwa ameamka salama", yeye alijaza ukurasa mzima: mzee wa kitanda cha dirishani amelala vipande vipande, kidonda chake kimenuna, hamu ya chakula imerudi ila inaona haya. Aliamini kabisa kwamba madaktari huyasoma maandishi yake kwa raha zao. Kumbe walikuwa wakiyaruka. Alikuja kulijua hilo siku daktari wa upasuaji alipomfuata na faili mkononi.

"Sista, samahani. Kidonda 'kimenuna' maana yake nini? Kina usaha au hakina?"

"Hakina. Ila hakinipendezi."

Daktari alimtazama, kisha akaenda kukiangalia kidonda mwenyewe.

Basi hospitali ilipoleta kompyuta, likaja na agizo: wauguzi wote watumie maneno yaleyale kwa jambo lilelile, ili zamu zielewane, na mgonjwa akihamishwa wodi asilazimike kuanza upya. Mama Riwaya alipinga. Alipinga kikaoni, akapinga kwenye foleni ya chai, akasema wagonjwa si vifurushi vya kubandikwa lebo. Alisema sana, hata matroni akaamua kumpa uongozi wa kamati ya kuyachagua maneno hayo.

Alirudi nyumbani kichwa kimevimba. "Wameona hawaniwezi," alimwambia mumewe, fundi saa asiyependa ubishi.

"Au wamekutafutia kazi," mumewe akajibu, macho yakiwa kwenye saa.

Kwenye kamati mambo yakamgeuka. Waliulizana kuhusu mama mmoja aliyekuwa wodini, hataki kunyanyuka kitandani. Kila mtu alikuwa amemwandikaje? Mmoja aliandika mvivu, mwingine dhaifu, wa tatu kachoka. Mama Riwaya alikuwa ameandika kwamba mama huyo ameagana na miguu yake. Walipokwenda kumuuliza mwenyewe, wakakuta nyonga inamuuma, na neno maumivu halikuwepo popote. Mama Riwaya alichukua kalamu akaandika neno moja tu, "maumivu", jambo lililowatia wenzake wasiwasi.

Tangu hapo akayatetea maneno ya mfumo wa kompyuta kwa ukali kuliko waliomgeuza. Mumewe akikesha, aliambiwa ana usumbufu wa usingizi unaotokana na kahawa. Binti yake akiunguza sufuria, aliambiwa ana upungufu wa maarifa. Kwenye kamati aling'ang'ania neno "Hafuati maelekezo" kwa wagonjwa wakaidi. Muuguzi mmoja mdogo wake, mwenye sauti ya upole, alijaribu kumzuia.

"Dada, tusiandike kwanza kwa nini hafuati?"

"Mfumo si mahali pa visingizio," alisema, na neno likapita hivyohivyo.

Haikupita muda, akateleza kwenye korido iliyopigwa deki, mbele kabisa ya kibao cha kumwonya. Kifundo cha mguu kikavunjika. Walimfanyia upasuaji, wakamlaza kwenye wodi yake mwenyewe, wakamwambia asishuke kitandani. Kesho yake yule muuguzi mpole alimkuta kando ya kitanda cha jirani, amesimama kwa mguu mmoja, anarekebisha dripu. Alimrudisha kitandani, akaanza kubonyeza kompyuta.

"Unaandika nini?"

"Yale tuliyoyachagua, Dada." Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Maumivu makali. Hatari kubwa ya kuanguka. Hafuati maelekezo.

"Mimi sifuati maelekezo? Dripu ya mwenzangu ilikuwa imesimama, nimeita hakuna aliyekuja. Andika hilo."

"Hakuna pa kuandika sababu. Kamati haikutaka."

 Mama Riwaya akacheka, akacheka mpaka kifundo kikamkataza. Hakupata kumtukana kiongozi wa kamati, maana alikuwa amelala naye kitanda kimoja.

Kilichomuuma zaidi ni daktari wa upasuaji. Alipita, akatupia macho kwenye kioo, akaagiza dawa ya maumivu na vizuizi vya kitanda vipandishwe. Hakuuliza neno hata moja. Miaka yote ile ya kurasa zilizojaa hakuwahi kueleweka haraka namna ile.

Alipoanza kutembea kwa magongo, aliitisha kamati, akaieleza aibu yake bila kuificha, na wakakubaliana: neno "Hafuati maelekezo" lisipokelewe na mfumo mpaka muuguzi ajaze sababu. Alitaka pia kumwachia yule mpole uongozi. Mpole akakataa, akasema yeye anapenda kusikilizwa, si kugombezwa.

Siku aliyorudi kazini, Mama Riwaya alimkuta bibi mmoja ameshuka kitandani baada ya kukatazwa. Ukali ulishamfika kooni, akaumeza.

"Bibi, mbona umeshuka?"

"Natafuta choo, mwanangu. Nimeuliza tangu asubuhi, kila mtu ananiambia nilale."

Alimshika mkono, wakaenda polepole, wote wawili wakichechemea.