Kichwa ya Makobo ya Yaya Bea

Mpaka saa hii akili yangu inakatala. Jana asubui mume wa Yaya Bea, ule nilimuitaka dada mukubwa, alinipigia simu, akasema tu, "Chanda, yaya yako ametuacha," akakata.

Ni tension, damu ilipanda. Alianguka hapa Nchelenge, ku soko ya samaki, mwiko ingali mu mukono.

Wengi munamujua kama ule mama wa bukari, ugali yetu, na samaki ya kukaanga. Kabla ya pale alikuwaka mupishi mukubwa ku ile restora ya Kifaransa ya ku kisiwa. Mie njo maître d'hôtel wa pale. Jina kubwa, lakini kazi ni kubeba sahani.

Siku ya kwanza aliniona na gants nyeupe akauliza, "Chanda, nani amekuvalisha soksi mu mikono?" Kitchen yote ilikufa na kicheko.

Alitoka ngambo ya lake, Pweto ya Congo. Sauce yake ya ndimu na siagi, bazungu balikuwa banapanguza sahani na mukate mpaka inangaa.

Sahani ilikuwa kubwa, samaki kipande kidogo katikati, matone tatu ya sauce. Yee aliangaliaka ile sahani anasema, "Hii ni chakula, ao ni kipimo ya hopitali?" Kisha anaipanga muzuri kushinda mutu yote.

Kitu moya tu ilimuumizaka. Kanuni ya manager: samaki isifike ku mesa na kichwa, juu guest hapendi kuangaliwa na chakula yake. Makichwa yote ilienda kwa imbwa ya patron, mwenye restora.

Siye batu ya lake Mweru tunajua. Mukubwa akikuya ku nyumba, kichwa ni yake. Ukimupa samaki bila kichwa, unamuambia: hatukuoni.

Sasa, siku moya bwana moya wa Lusaka alileta baba yake, muvuvi wa zamani, akule pale mara moya mu maisha. Mzee alivaa koti, kofia aliiweka juu ya magoti. Nikatia sahani mbele yake. Akageuza samaki na uma, huku na huku.

"Mwanangu, kichwa iko wapi?"

Mutoto akasikia haya. "Tata, hapa ni Kifaransa."

"Na samaki ya Bafransa inazaliwaka bila kichwa?"

Sikucheka. Nilimuona baba yangu pale ku ile kiti. Nikaingia kitchen, nikasema, "Yaya, ule shikulu, ule mzee, anauliza kichwa. Mupe."

"Na manager?"

"Ni mie nakutuma. Nitajibu mie."

Mushike ile maneno. Nitajibu mie.

Alichemsha kichwa ya makobo, ile samaki ya lake, na tomati na kitunguu, akaileta mwenyewe na bukari, mu bakuli ya kitchen. Akapiga magoti, akamumwangia mzee maji ya mikono, sawa vile tunafanyaka ku nyumba. Mzee alikula polepole, mpaka macho ya samaki. Akashukuru, "Natotela, mwana." Hata ule mutoto wake alikuwa anapanguza macho.

Mesa ya pembeni balipeleka complaint. Manager akakuya mu kitchen. "Nani ameruhusu hii?"

Yaya Bea akaniangalia. Akangoja.

Nikasema, "Sijui, boss. Aliamua yee mwenyewe."

Balimufukuza siku ile ile. Alitoa tablier yake ya mupishi, akaikunja muzuri, akapita mbele yangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Mikono yako inatetemeka, Chanda. Vaa soksi."

Sasa musikie mambo inanichoma.

Hata mwaka haikuisha, guest fulani akaanza kuuliza chakula ya batu ya lake. Leo kichwa ya makobo iko ku menu, na jina ndefu ya Kifaransa. Ile ile kichwa balimufukuzia. Na njo mie naileta, na gants, napiga goti moya kama alivyopigaka yee, nabasimulia hadithi ya mzee na kofia yake. Banapiga makofi. Banapiga picha. Jina ya Yaya Bea sikutaja hata siku moya.

Na asubui hii restora imetia picha ya sura yake ku page yao ya internet. "Our beloved chef, part of the family." Ati mupishi wetu mupendwa, mutu ya family. Family gani? Family inafukuza mutu na maji ya bukari ingali ku mikono yake? Na munatia mioyo pale chini. Futeni ile mioyo.

Manager alinituma message: "Chanda, tusaidie na maneno mazuri ya Kiswahili." Boss, maneno yangu ni haya.

Leo muchana nilikuwa ku kilio, ku matanga yake. Mudogo wake akaniletea bakuli: makobo, na kichwa yake. Nikauliza, juu ya nini mie? Akasema, "Yaya alisemaka ku kisiwa alikuwa na ndugu moya, ni weye."

Kumbe hakubaambia vile nilimukana. Miaka yote hii, hakumuambia hata mume wake.

Sikukula. Nikasimama, nikasema yote pale, mbele ya mume wake na mama yake mukwe, ule alizaa Yaya. Hakuna mutu alinifariji, na sikustahili. Mume wake alichukua ile bakuli mbele yangu, akaipeleka kwa mama mukwe. Alifanya sawa.

Boss, kesho sikuye ku duty. Gants iko ku locker. Kama ile chakula inabakia ku menu, andika jina yake juu. Kama hutaki, toa ile chakula, na toa sura yake ku page yako.

Yaya, ulingoja nijibu. Ni mie nilikutuma. Najibu leo, na wewe hausikie tena.

Lala na amani, mukubwa wangu. Kichwa ilikuwa yako.