Mpangaji Asiyetulia

Mtayarishaji wa filamu aliyepanga chumba changu cha uani hapa Shirere, mwaka wa 1996, hakuwahi kulala humo siku nne mfululizo. Jumatatu alikuwa Mautuma akitafuta shamba la kupigia picha, Alhamisi Nairobi akitafuta wafadhili, Jumamosi anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, amekumbatia mkoba wa kanda. "Mama Nabwire, huyo dada ni mpangaji au mgeni?" jirani alinitania. Nikamjibu kwamba anafanya kazi.

Alipoomba kupiga picha sebuleni mwangu, nilisoma mchezo wote wa filamu hiyo kwanza. Ulikuwa na baba mlevi.

"Mlevi nyumbani kwa marehemu Mwalimu Mkuu? Watu watasema ndiye," nilimwambia.

Aliomba ruhusa, akavua viatu, akapanda stuli na kuishusha picha ya mume wangu kwa mikono miwili. Aliipangusa kwa leso yake, akanikabidhi.

"Mzee akae chumbani kwako, Mama," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Na kile kiti cha dirishani hakuna atakayekikalia."

Sikuwa nimemwambia kiti kile kilikuwa cha nani. Nilimpa ufunguo wa mlango wa mbele.