Gumegume Nne za Mto Lhubiriha

Nimeogopa mara nyingi maishani. Niliogopa mtihani wa hesabu hadi nikaumwa jino ambalo lilikuwa limeng'olewa. Niliwahi kukutana na kiboko akila majani nyuma ya nyumba za wafanyakazi, nikakimbia hadi kiboko mwenyewe akanionea huruma. Lakini jumlisha hofu zote hizo, zidisha kwa kumi, hufiki nusu ya ile iliyonikamata kwenye kizuizi cha askari nje kidogo ya Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo. Ilikuwa mchana kweupe, mke wangu yuko kando yangu na mtoto mgongoni, na chanzo chake kilikuwa neno moja la Kiswahili sanifu.

Mimi ni mtu wa Gilgil, Kenya. Kwetu liko jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, na ukilima viazi unavuna mawe kwanza, viazi baadaye. Utotoni tulikuwa tukiligonga kwa jiwe lingine hadi litoe kipande chembamba chenye makali ya wembe. Wenzangu walikua wakaacha. Mimi nilikua, nikaota ndevu, nikaoa, nikasoma shule ya usiku hadi nikapata cheti cha kidato cha nne wakati watu wa rika langu wanawalipia watoto wao karo, na bado nagonga. Wengine hucheza drafti, wengine hunywa. Mimi humegua mawe.

Kazi ndiyo iliyonivusha mpaka. Nilipata mkataba katika kiwanda cha saruji upande wa Kasese, Uganda, kwenye mashine za kujaza mifuko, nikahamia huko na familia. Mawe niliyoyakuta yalinisikitisha. Nilienda hadi Bugoye, nikaokota jiwe jeupe la mto Mubuku, na lenyewe ukiligonga linasambaratika kama sukari guru. Vipande viliruka hadi kwenye sufuria. Siku moja mke wangu alitema kimoja mezani, akakitazama, akanitazama.

"Baba watoto, niambie ukweli. Nimeolewa na mtu au na kokoto?"

Majirani nao waliulizana. Mama mmoja Mkonzo, mwenyeji wa pale, alinisimamia mlangoni asubuhi nzima, kisha akasema, "Mukenya, hiyo dawa inatibu nini?"

"Mawazo, mama."

"Basi gonga zaidi. Bado unayo mengi."

Aliyenipeleka Mpondwe, kwenye soko la mpakani, ni dereva mmoja wa lori, mwenyeji wa milimani huko, aliyekuwa akipeleka saruji mpakani. Aliniambia mto Lhubiriha, unaotenganisha Uganda na Kongo, una mawe ya kijivu, laini, ukiyagonganisha yanalia kama kengele ya kanisa. Sikulala. Siku ya soko tukapanda naye mbele, mke wangu akitaka vitenge na mafuta ya mawese, mimi nikitaka kengele. Wao wakaenda sokoni, mimi nikateremka majini. Wanawake waliokuwa wakifua nguo upande wa Kongo waliniona nikiinua mawe, nikiyapiga kwa kucha, nikiyasikiliza sikioni.

"Ee papa!" mmoja akapaza sauti. "Unachagua majiwe kama tomate?"

"Yameiva, mama!"

"Basi tupikie!"

Nilichagua manne. Nikayatia mfukoni, mfuko wa turubai niliokuwa nikibebea chakula cha kazini, nikarudi kwenye lori nikipiga mluzi.

Sasa, ni lazima nieleze hali ya miezi ile. Kulikuwa na wasiwasi. Watu walikuwa wameshambuliwa usiku huku na kule, na mgeni alitazamwa mara mbili, ya pili kwa muda mrefu. Walisema mtu akishukiwa anapandishwa pikapu, na ndugu zake wanaanza kuzunguka kambi za askari, lango hadi lango, wakiuliza. Labda yalitiwa chumvi. Mimi najua kutia chumvi, na bado niliyaamini yote. Kiwandani tulikuwa na msemo: ukiambiwa panda pikapu, jiage mwenyewe. Na mimi, bila ndugu hata mmoja upande huu wa mpaka wa Busia, nani angezunguka malango? Mke wangu, na mtoto wa miezi minane, katika nchi ambayo lugha yake ya nyumbani hawaijui.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa barabarani. "Shuka! Yote shuka!"

Tukashuka. Kijana mwenye bunduki akainua mfuko wangu, mkono ukamwenda chini kwa uzito.

"Hii iko nini ndani?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili husema "mawe". Lakini mimi nilikuwa na cheti. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alituambia kwamba mbele ya mamlaka, Kiswahili sanifu ni suti. Na kwenye kamusi lile jiwe gumu litoalo cheche lina jina lake kamili, jina nililolipenda hata kabla sijawahi kulitumia. Nikavaa suti yangu.

"Ni gumegume tu, afande. Nne."

Kijana hakuelewa. Lakini kando, kwenye kiti cha plastiki chini ya mabati, kulikuwa na mzee wao, afande mwenye mvi, akimenya yai la kuchemsha. Huyu Kiswahili chake alikuwa amefunzwa na wakufunzi Watanzania zamani za ujana wake. Yai likabaki mkononi.

"Umesema nini?"

Nilifurahi. Hatimaye, nikawaza, msomi mwenzangu. "Gumegume, afande! Mimi hukusanya. Nyingine ziko nyumbani, Kasese."

"Ngapi?"

Zilikuwa kama ishirini hivi. "Zaidi ya mia, afande."

"Unatoa wapi?"

"Hizi nimetoa Mpondwe leo. Lakini sana sana natengeneza mwenyewe."

Sijawahi kuona yai likitupwa kwa nguvu vile. "Lala chini! Lala! Mikono mbele!"

Nililala kwenye murami, changarawe nyekundu ya barabara, uso kwenye vumbi. Nilisikia bunduki zikikokwa, moja, nyingine, nyingine, halafu mtoto akaanza kulia. Nyuma yangu nikasikia sauti ya dereva wetu, mtu niliyekula naye ndizi asubuhi ile kutoka sinia moja.

"Afande, mimi huyu mutu simujui. Alipanda tu. Hata jina lake sijui."

"Na huyu mama?"

"Huyo namujua kidogo. Ni mutu ya kanisa."

Afande alikuwa tayari kwenye redio. "Tumepata mutu na gumegume mia. Mia! Anatengeneza. Leta pikapu." Redio ikakoroma, ikajibu kwamba pikapu inakuja. Nilijaribu kuomba, nikasahau hata Baba Yetu inaanzaje.

Kijana akafungua mfuko kwa ncha ya bunduki, polepole, wenzake wakarudi nyuma.

"Afande, ni mawe."

"Angalia chini ya mawe."

"Iko mawe ingine."

Afande alikuja, viatu vyake vikasimama karibu na pua yangu. "Bunduki iko wapi?"

"Bunduki gani, afande?"

"Umesema gumegume! Babu yangu alikuwa nayo! Unajaza baruti mbele, unagonga, inalia *puu*, nyati inaanguka!"

Hapo, nikiwa na vumbi mdomoni, kamusi ilijifungua kichwani mwangu kwenye ukurasa uleule. Gumegume: moja, jiwe gumu litoalo cheche. Mbili, bunduki ya kizamani. Ya pili sikuwahi kuisoma vizuri kwa sababu haikutoka kwenye mtihani. Kumbe nilikuwa nimemwambia yule mzee kwamba nina bunduki nne mfukoni, mia nyumbani, na kiwanda changu mwenyewe.

Nikaeleza. Nilieleza kwa machozi, Kiswahili sanifu kimenivuka chote, nikisema mawe, majiwe, stoni, chochote.

Mzee alinuna. "Nimeita pikapu. Mukubwa yuko njiani. Nitamwambia nini, nimekamata kokoto?" Akafikiri, na kufikiri kwake kukanitisha kuliko kelele. "Unasema unatengeneza. Kaa. Tengeneza."

Nikakaa. Jiwe moja pajani, jingine mkononi la kugongea. Na hapo nikaona mtego ulivyo na pande mbili. Jiwe likikataa, mimi ni mwongo, na mwongo anapanda pikapu. Jiwe likikubali, mimi ni mtu anayeweza kuokota kitu kando ya barabara na kukigeuza kisu, na huyo hasa ndiye wanayemtafuta. Mkono ulitetemeka hadi pigo la kwanza likaangukia kidole gumba. La pili likateleza. La tatu, jiwe likalia, ile kengele niliyoahidiwa, na kipande kirefu kama kidole kikadondoka kwenye suruali yangu. Katika maisha yangu yote ya kugonga sijatoa kipande kizuri vile. Nilikichukia papo hapo.

Afande alikiokota. Akakipitisha kwenye mkono wake. Vinyweleo vikaanguka, ngozi ikabaki safi.

"Hii ni kisu."

"Ni kigae, afande."

"Ni *kisu*."

Ndipo mke wangu, aliyekuwa akimpigapiga mtoto mgongoni wakati wote, akasogea mbele bila kuitwa.

"Afande, samahani. Hicho kisu kimekata nani mpaka sasa?"

Wote wakanitazama. Damu ya kidole ilikuwa imeshuka hadi kwenye kiwiko.

"Huyu mtu naishi naye," akaendelea. "Kuku wa Krismasi nachinja mimi. Yeye hukimbilia nyuma ya nyumba na kuziba masikio. Mkimbeba mtanirudishia tu, hamtamweza."

Ni uongo. Sikimbii, hutembea haraka. Lakini kijana aliyebeba mfuko alicheka hadi bunduki ikacheza begani, wenzake wakafuata. Mzee hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama shati lililorudi kutoka kwa fundi likiwa na mikono mitatu, kisha akachukua redio.

"Ile gumegume ni mawe. Narudia, ni mawe. Mutu yenyewe ni mujinga. Ova."

Sijawahi kusifiwa vile. Wilaya nzima ilisikia mimi ni mjinga, na nikatamani arudie.

Lakini redio ilijibu kwamba mkubwa hawezi kurudi nusu ya njia, anakuja kuona mwenyewe huyo mjinga. Mbele, kwenye barabara ya kutoka Kasese, vumbi likainuka. Mzee aliliona, mimi nililiona. Alishika kile kipande, akakitazama mara moja zaidi, akakitia mfuko wa shati. Kisha akanyanyua mfuko wangu, akaumwaga mtaroni, akanitupia mtupu kifuani.

"Panda lori yako. Enda."

"Asante, afande, nashu..."

"Enda! Akifika kama uko hapa, mimi sina maneno tena."

Nilipanda lori lile kwa kuruka, na mimi si mtu wa kuruka. Dereva aliliwasha kabla mlango haujafungwa. Mti ukasogezwa. Dereva akakohoa.

"Ndugu, usiweke moyoni. Sikukukana. Nilikusahau kidogo tu."

"Endesha," mke wangu akamwambia.

Vumbi lilikuwa linatujia. Niliinama, nikaweka kichwa katikati ya magoti, chini ya kioo, kama mtoto anayeamini akifumba macho haonekani. Nilisikia injini ya pikapu ikikua, ikajaa masikioni, ikapita kwa kishindo na mawe madogo yakagonga mlango wetu. Nilisubiri breki. Hazikulia. Mkono wa mke wangu ulikuwa umenikandamiza mgongoni, sijui ananificha au ananituliza, na ulikaa hapo hadi tulipoingia mbugani, hakuna nyumba tena, nyasi tu. Ndipo nilipogundua kwamba wakati wote ule mkono wake ndio uliokuwa ukitetemeka kuliko wangu, na kwamba alikuwa bado hajathubutu kumgeuza mtoto mbele amnyonyeshe.